Kumtafutia Mbwa Mwalimu Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wenye mbwa wa Mwanga, Gungu, Katubuka, Bangwe na Ujiji, na machache yametoka Kasulu na Tabora. Wengi huanza na bei. Jibu la bei lipo, lakini nimeliweka karibu na mwisho, kwa sababu asiyejua ananunua nini hawezi kujua kama amepunjwa.

Mwalimu wa mbwa anafanya kazi gani hasa?

Anafundisha watu. Mbwa naye anajifunza, ila katika ziara ya saa moja utaona mwalimu anazungumza na wewe zaidi kuliko na mbwa: kamba ishikwe vipi, zawadi itolewe sekunde ipi, wakati gani unyamaze. Saa zote nyingine za wiki mbwa yuko na ninyi, na anajifunza mkitaka msitake. Mkimtupia mfupa anapobweka wakati wa chakula, mmemfundisha kubwekea chakula. Dada wa kazi akimfungulia geti kila anapolikwaruza, amefundishwa kukwaruza geti.

Kwa hiyo mwalimu anayesema "niachie mbwa, wewe kapumzike ndani" anakuuzia nusu ya kazi kwa bei ya kazi nzima.

Kwani ni lazima? Babu zetu walifuga mbwa bila mwalimu.

Si lazima. Ila mbwa wa babu alishinda na watu. Alikwenda nao shambani na porini, akawafuata mbwa wakubwa, akajua nani wa nyumbani na nani mgeni. Mbwa wa mjini leo anafungiwa bandani tangu alfajiri, anafunguliwa saa nne usiku, na mtu pekee anayemjua ni yule anayemletea ugali. Huyo hajafundishwa na mtu wala na mbwa mwenzake, halafu tunashangaa akimrukia mtoto wa jirani.

Kukaa, kuja akiitwa, kujisaidia sehemu moja: haya unaweza kuyafundisha mwenyewe ukiwa na subira. Tafuta mwalimu kama mbwa ameshauma au anatishia kuuma, kama anaogopa kila kitu, kama mbwa wawili wa nyumba moja hawapatani, au kama umenunua mbwa mkubwa wa kulinda na una watoto wadogo. Hilo la mwisho usilisubirishe.

Aanze akiwa na umri gani?

Mapema kuliko watu wanavyodhani. Wengi husubiri miezi sita "akomae kwanza", na wakati huo kipindi bora kimeshapita. Kati ya wiki ya 3 na karibu wiki ya 14, mtoto wa mbwa anapanga duniani kuna nini cha kawaida na kipi ni hatari. Watafiti wa Bar Harbor, Marekani, akiwamo John Paul Scott na John Fuller, walilichunguza hili katikati ya karne iliyopita. Watoto wa mbwa waliokua hadi wiki ya 14 bila kuzoezwa na watu walibaki kuwaogopa kama wanyama wa porini.

Kwa mbwa wa Kigoma, vitu vya kuzoea ni vile vya Kigoma: bodaboda na bajaji, honi ya meli bandarini, treni, adhana, ngoma ya harusi, mvua kwenye bati, mtu aliyevaa kanzu, mama mwenye buibui, mzee wa mkongojo, mtoto anayekimbia, mbuzi, kuku, mbeba magunia. Kila kimoja kwa umbali usiomtisha, na kitu kitamu kinywani. Hapo hamna amri hata moja, lakini ndiyo elimu kubwa atakayoipata.

Kikwazo ni chanjo. Parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha, inaua watoto wa mbwa haraka, na virusi vyake hukaa kwenye udongo muda mrefu. Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo huanza wiki ya 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka kwenye wiki ya 16. Ukisubiri yote yaishe, dirisha limefungwa. Njia ya kati ni kumbeba: mpakate, simama naye kando ya barabara ya Mwanga robo saa, rudi nyumbani. Usimweke chini pale mbwa wa mitaani wanapozurura. Madaktari wa Marekani waliobobea katika tabia za wanyama wanakubali mtoto aanze mafunzo ya pamoja kwenye wiki ya 7 au 8, ilimradi siku saba zimepita tangu chanjo ya kwanza na mahali pawe safi.

Jambo jingine, na hili linanikera: watoto wanauzwa wakiwa na wiki nne. Muuzaji amechoka kulisha, mnunuzi anapenda kimtoto kidogo. Muda wa kukaa na mama na ndugu zake ndio mbwa anaojifunzia kuuma kwa kiasi, maana akimuuma ndugu yake sana mchezo unakatika. Subiri angalau wiki 8.

Mbwa wangu ni mtu mzima, ana miaka mitano. Nimechelewa?

Kwa amri, hujachelewa. Kwa woga uliokomaa, itachukua muda, na pengine utafikia kuudhibiti tu bila kuumaliza.

Mbwa wa kienyeji anafundishika, au ni wale wa kizungu tu?

Anafundishika vizuri sana. Mbwa aliyeishi kwa kukisia nani atamtupia jiwe na nani atamtupia kichwa cha mgebuka anasoma watu haraka. Alichopungukiwa ni imani kwa mikono ya watu, na hiyo inajengwa. German Shepherd anajulikana zaidi kwa sababu tumemwona na polisi, lakini bila kazi wala mazoezi atakubomolea banda.

Kigoma hapa mwalimu nitampata wapi?

Wapo wachache, na hawana vibao barabarani. Wengine waliwahi kushika mbwa katika Jeshi la Polisi, ambalo lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, wengine walifanya kazi hiyo kwenye kampuni za ulinzi, na wapo vijana waliojifunza wenyewe, baadhi yao wazuri kweli. Anza kwa daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata yako, kwa sababu ndiye anayeona mbwa wa mji mzima na anajua ni wa nani wanaotulia mezani akiwachoma sindano.

Daktari wa mifugo husajiliwa na Baraza la Veterinari. Mwalimu wa mbwa hana baraza la namna hiyo. Hata Ulaya na Marekani, nchi nyingi humwacha yeyote ajiite mkufunzi. Cheti cha ukutani kitazame, lakini usikitegemee.

Mkimleta mtu kutoka Mwanza au Dar, mtalipia nauli, chakula na mahali pa kulala. Unganeni nyumba tatu au nne za mtaa mmoja. Kwa mtoto wa mbwa au amri ndogo ndogo, simu ya video inasaidia kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mwalimu anakuona wewe unavyokosea mkono. Kwa mbwa anayeuma, hapana. Huyo lazima aonwe ana kwa ana.

Nitamjuaje mwalimu mzuri?

Mwombe umtazame akifanya kazi na mbwa wa mtu mwingine. Akikataa, mazungumzo yameisha. Akikubali, usimwangalie yeye, mwangalie mbwa. Mbwa anamfuata mwalimu mwenyewe, mwili umelegea, mkia unacheza katikati au juu kidogo? Au amebana mkia, masikio yamelala nyuma, analamba midomo na kupiga miayo ilhali hana usingizi, anatii huku akikwepa mkono? Wa pili ametii, lakini anaogopa. Siku mwalimu hayupo, utii ule hautakuwepo.

Kisha muulize maswali matatu. Mbwa akifanya sawa atapata nini? Akikosea atapata nini? Na: mbwa wangu ameuma mtu, utaanzia wapi? Jibu la kwanza liwe kitu ambacho mbwa anakipenda. La pili liwe kama "sitampa zawadi, nitamrahisishia, nitamwonyesha tena". Kwenye la tatu, mwalimu anayejua kazi ataulizia afya ya mbwa na kadi ya chanjo kabla ya kugusa kamba.

Mwenye kukuahidi mbwa kamili kwa siku saba, mwache aende. Vilevile anayekuambia mbwa anataka kuwa bosi wa nyumba, kwa hiyo alazwe chali ashikiliwe mpaka anyooke. Nadharia hiyo ilitokana na mbwa mwitu wa kizuizini, na watafiti wa mbwa mwitu wenyewe waliiacha zamani.

Bila fimbo mbwa atasikia kweli?

Hili linaulizwa kwa ubishi kuliko yote, hasa na wazee wangu wa kiume, kwa hiyo nitalijibu kwa mfano wa hapa hapa Tanzania. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya anasikia mlio mdogo wa kubofya pale anapofanya sawa, kisha anapewa chakula. Hakuna fimbo. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa medali ya dhahabu. Ikiwa panya anaweza kusafisha shamba la mabomu kwa kulipwa ndizi, mbwa wako anaweza kujifunza kutotoka getini kwa kulipwa dagaa.

Fimbo ina hasara nyingine ambayo haionekani mapema. Mbwa anayenguruma anakupa onyo. Ukimpiga kila anaponguruma, ataacha kunguruma, na utadhani amepona. Woga haujaondoka, kilichoondoka ni onyo, na siku nyingine atauma kimya kimya. Wengi wanaosema "hakuonyesha dalili yoyote" walizifuta dalili wenyewe.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, na kumlipa mtu akufanyie hakukuondoi kwenye lawama. Mikanda ya umeme ya shingoni, inayouzwa mtandaoni kama dawa ya kila kitu, ilipigwa marufuku Wales tangu 2010. Usiinunue.

Nataka mbwa mkali. Ni kweli wanalishwa pilipili na manyigu?

Wapo wanaofanya hivyo, na wengine wanampa bangi. Pilipili inamuumiza tumbo na manyigu yanaweza kumvimbisha koo. Ukali unaouona baadaye ni wa mnyama mwenye maumivu, na hauchagui mwizi.

Mlinzi mzuri anabweka kwa wakati na ananyamaza akiambiwa. Wezi wengi wanaepuka nyumba yenye mbwa anayebweka, hawasubiri kujua kama anauma. Kwa hiyo omba vitu hivi: abweke mtu akigusa geti, anyamaze ukisema basi, akae mahali pake mgeni akikaribishwa, asipokee chakula kutoka kwa mtu asiyemjua. Hilo la chakula ni muhimu, kwa sababu nyama yenye sumu ndiyo silaha ya kwanza ya mwizi, japo halifundishwi kwa wiki moja. Mafunzo ya kushambulia mtu yaachie polisi na kampuni za ulinzi. Nyumbani kuna watoto, wageni, fundi bomba na mtu wa LUKU, na mbwa wako akimjeruhi mtu ni wewe utakayeitwa serikali ya mtaa, polisi, na pengine mahakamani kwa fidia.

Mwalimu anasema nitoe zawadi kila mara. Nyama yote hiyo nitatoa wapi?

Zawadi ni ndogo, ukubwa wa punje ya hindi. Kigoma tumebarikiwa hapa: dagaa wakavu wa Kibirizi mmoja unakatika vipande viwili au vitatu, na harufu yake inamvuta mbwa kuliko biskuti za dukani. Waoshe kwanza, mchanga ni mwingi, na usitumie waliotiwa chumvi. Ndugu zetu wa Tabora wanaweza kutumia maini yaliyochemshwa, au karanga chache zisizo na chumvi. Kitunguu, kitunguu saumu na chokoleti ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka na kumchoma ndani.

Kiasi hicho kipunguze kwenye chakula chake cha siku. Akishaelewa, zawadi zinapungua: leo anapata, kesho anasifiwa tu, keshokutwa anapata mbili.

Sisi ni Waislamu, na majirani zetu wote pia. Mwalimu ataleta shida?

Hapana, ukimweleza mapema. Masheikh wetu wa madhehebu ya Shafii wanatufundisha kwamba chombo alichokilamba mbwa kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo, na hapo hapo wanatufundisha kwamba mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda anaruhusiwa. Surat al-Maida, aya ya 4, inazungumzia wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na kuhalalisha walichokishika. Mambo ya undani muulize sheikh wako.

Kwa vitendo, mwambie mwalimu vipaumbele vyako ni hivi: mbwa asimrukie mtu wala kumlamba, awe na mpaka asiovuka kwenda barazani na mahali pa kuswalia, anywe kwenye chombo chake tu, na alale bandani watu wakipita kwenda msikitini alfajiri. Mitaa ya Ujiji nyumba zimebanana, na ugomvi mwingi unaoletwa kwa mjumbe unahusu hayo hayo: mbwa aliyemgusa mtu mwenye udhu, au aliyebweka usiku kucha. Mwalimu mzuri atafurahi, maana umempa kazi inayopimika.

Amri ziwe Kiswahili, Kiha au Kiingereza?

Yoyote, ilimradi nyumba nzima mtumie moja. Baba akisema "siti", mama "kaa chini" na watoto "tulia wewe", mbwa hana kosa. Chagueni maneno mafupi, myaandike kwenye karatasi na kuibandika jikoni. Dada wa kazi na mlinzi wawepo kwenye somo la kwanza.

Kumpeleka kambini mwezi mzima si rahisi zaidi?

Rahisi kwako, ndiyo. Anarudi anamtii mwalimu wa kambini, kwenye uwanja wa kambini. Kama kambi haina masomo ya kukufundisha wewe mbwa akirudi, yale mafunzo yanafifia ndani ya wiki chache. Nenda ukaione kabla: maji, kivuli, kupe, idadi ya mbwa kwa kila mshikaji. Waruhusu wakutumie video, lakini uwe na haki ya kufika bila taarifa. Ukimsafirisha nje ya mkoa, pata kibali cha kusafirisha mnyama kutoka kwa afisa mifugo na uwe na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Haya, bei sasa.

Walimu hutoza kwa namna tatu: kwa ziara, kwa kifurushi cha ziara kadhaa, au kwa mwezi wa kambi. Usilinganishe jumla. Gawanya kwa saa ambazo wewe utakuwepo ukifundishwa. Kambi ya mwezi yenye saa mbili za kukufundisha wewe inaweza kuwa ghali kuliko ziara sita nyumbani, hata kama tarakimu ni ndogo. Uliza kama nauli imo, kama anajibu simu kati ya ziara, na kama bei ya mbwa anayeuma ni tofauti (kawaida huwa, na ni haki yake). Lipia ziara moja kwanza. Baada ya hapo andikeni karatasi fupi: ziara ngapi, lengo gani, kwa njia gani, na kwamba hatatumia kipigo.

Mbwa alikuwa mtiifu, amebadilika ghafla. Nimwite mwalimu?

Mwite daktari wa mifugo. Mkoa wetu una kupe, na kwenye misitu ya miombo kuna mbung'o. Homa za kupe zinamfanya mbwa azubae, akatae kula, fizi zipauke. Nagana inayoletwa na mbung'o inaweza kumkondesha na kumwekea ukungu machoni, kwa hiyo "hasikii tena" kumbe haoni. Sikio lililooza au jino bovu vinatosha kumfanya aume anaposhikwa kichwa.

Kubwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Mbwa anayeuma bila kuchokozwa, anayetoa mate mengi, anayeshindwa kumeza, sauti imebadilika, huyo hana cha kufundishwa. Usimkaribie, mjulishe afisa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa wako achanjwe akiwa na miezi mitatu na arudie kila mwaka. Mara nyingi kunakuwa na chanjo za kampeni karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani.

Nimelipa, mwezi umepita, sioni mabadiliko. Nimdai?

Kwanza jibu hili kwa ukweli: mazoezi aliyoyaacha yalifanyika? Dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku, na kila mtu wa nyumba akishiriki. Kama hayakufanyika, anzeni leo na mumpe wiki mbili.

Kama yalifanyika, mwite aje akuone wewe ukifanya, yeye akae pembeni. Mwalimu wa kweli atagundua kitu: zawadi inachelewa, zoezi limekuwa gumu mapema mno, au mbwa amechoka na joto la saa nane mchana, basi lihamishwe saa kumi na mbili asubuhi. Akiwa na wazo moja tu, nalo ni kuongeza ukali, vunjeni mkataba. Saa alizofanya umlipe. Ziara ambazo hajafanya, dai pesa yake, na ile karatasi mliyoandikiana ndiyo ya kwenda nayo kwa mwenyekiti wa mtaa.